Radom na Ganze: ubaya wa kupimwa pamoja na tajiri

Nikipanda treni kutoka Radom, mji wa Poland, kwenda mji mkuu Warszawa, karibu kilomita mia moja, napita juu ya reli iliyokarabatiwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Ukarabati wenyewe ulisuasua miaka na miaka, lakini ulikwisha. Huku kila mradi una kibao chake chenye bendera ya nyota kumi na mbili, hata kama mradi ni paa la shule.

Mimi ni mtu wa Ganze, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, na kilichonivutia zaidi Poland ni hesabu, kuliko hata barabara. Kwa utaratibu wa Ulaya, mkoa ambao pato lake kwa kila mtu halifiki asilimia 75 ya wastani wa Umoja mzima huhesabiwa kuwa nyuma na hupata fungu nono zaidi. Sasa Radom iko katika mkoa wa Mazowieckie, pamoja na Warszawa. Mji mkuu ulipotajirika, uliuinua wastani wa mkoa mzima, na kwenye karatasi watu wa Radom wakawa matajiri bila kuongezewa hata senti. Dawa ikapatikana mwaka 2018: kitakwimu, Warszawa na viunga vyake vikahesabiwa peke yake, sehemu nyingine peke yake. Mkoa wenyewe haukugawanywa, kilichogawanywa ni hesabu.

Mkilifi yeyote anaijua hadithi hii. Tuna Malindi na Watamu zenye hoteli za ufuoni, halafu tuna Ganze, ambako mama anatembea nusu siku kutafuta maji na silanga (bwawa la maji ya mvua) ikikauka hakuna pa kukimbilia. Ukichanganya yote unapata kaunti ya wastani.

Tusijidharau lakini. Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji: asilimia 0.5 ya mapato ya serikali kuu kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahauliwa, kwa miaka 20. Orodha ya kwanza ilitaja kaunti 14, Kilifi ikiwemo. Baadaye sera ya pili ikashuka hadi kata ndogo, ikapata maeneo zaidi ya 1,400 katika kaunti 34. Kwa kuutafuta umaskini ulipojificha, naona tuliwapita Wazungu.

Tulipokwama ni pesa. Hazina hiyo ilibaki mikononi mwa Nairobi, ikatolewa kwa kuchelewa na pungufu ya ilivyostahili. Huku Poland, mkoa unajua fungu lake la miaka saba mapema, una mpango wake, na kisichotumika ndani ya muda uliowekwa hufutwa. Haraka hiyo nayo ina upuuzi wake (nimeona uwanja mzuri wa michezo katika kijiji ambacho vijana wake wote wamehamia Warszawa), lakini afadhali kukimbizana na kalenda kuliko kumngoja mtu mmoja aweke sahihi.

Ndiyo maana pendekezo la Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, la Julai 2025 linanikera. Katika bajeti ya 2028 hadi 2034, inataka fedha za mikoa na za wakulima ziingie katika mpango mmoja kwa kila nchi. Sababu zake si za kipuuzi. Kanuni zimezidi, fedha zinatumika polepole, na diwani wa mji mdogo anahitaji mshauri wa kulipwa ili ajaze fomu. Tena Tume inasema kutakuwa na kiwango cha chini kwa mikoa iliyo nyuma. Basi wapunguze fomu! Kupunguza makaratasi ni jambo moja, kuhamisha meza ya uamuzi hadi mji mkuu ni jingine kabisa, na haya mawili yamefungwa kitita kimoja ili anayekataa la pili aonekane anapenda urasimu.

Wenzangu kazini wananiambia nina wasiwasi wa Kiafrika, hapa kuna sheria. Sheria hata sisi tunayo, tena ndani ya katiba. Nami sisemi serikali ya Warszawa ina nia mbaya na Radom. Ina njia za metro za kuendeleza, na wapanda metro wanapiga kura chini ya dirisha lake.