Chakula Ulichokiacha Kina Mwenyewe

Mkristo wa Tanga anayeacha nyama Ijumaa ya Kwaresima, kisha akashuka soko la samaki la Deep Sea kuchagua nguru mnono wa kupika kwa nazi, sheria ameitimiza. Ila njaa hajaionja, wala hakuna mtu mwingine aliyeshiba kwa sababu yake. Huko bara, ambako samaki wabichi ni wa kutafuta, pengine kuacha nyama kunauma. Huku kwetu pwani, kumbadilisha ng'ombe kwa nguru au changu ni kujipandisha daraja.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu Kwaresima nakipenda kuliko vipindi vyote vya mwaka wa Kanisa, na kufunga nakuamini kwa moyo wote. Sitaki kupoe. Nataka kurudishiwe nusu yake iliyodondoka njiani, na nusu hiyo ni yule mtu ambaye chakula changu kilipaswa kumfikia.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Kanisa Katoliki linawataka waamini kuanzia miaka 18 hadi 59 wafunge siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na vingine viwili vidogo ambavyo hata ukivijumlisha havifikii mlo. Kuacha nyama kunaanzia miaka 14, na hapo sheria inawaruhusu maaskofu wa nchi kuweka chakula kingine badala ya nyama, kwa kuwa kinachonyima huku si lazima kinyime kule. Mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita alipolegeza masharti ya zamani, hakuwa anatangaza kwamba kufunga kumepitwa na wakati. Alitaka walio na uwezo wajinyime zaidi kwa hiari yao, na kujinyima huko kuambatane na kuwasaidia wenye shida. Sisi tumekishika kile kiwango cha chini tukakifanya ndiyo dari.

Wala si habari ya Wakatoliki peke yao. Ndugu zetu Walutheri wanajua kwamba Luther hakuifuta saumu. Katika Katekisimu Ndogo aliita kufunga maandalizi mema ya nje kwa anayekwenda kushiriki Meza ya Bwana. Waanglikana, ambao Injili yao katika mkoa huu imepitia Magila kule Muheza, wana Kwaresima yao. Na Wapentekoste, tuseme ukweli, ndio wanaofunga kwa bidii kuliko sisi sote.

Kwenye bidii hiyo ndipo nina neno. Januari ikiingia, mabango ya maombi ya kufunga yanajaa kila kona, siku saba, siku 21, siku 40, na chini yake orodha ya yatakayopatikana: kazi, nyumba, mchumba, safari ya nje. Simlaumu aliyekwama akamlilia Mungu kwa kufunga. Hana, mama yake Samweli, alilia na hakula kwa ajili ya mtoto, na Mungu akamsikia. Lakini mfungo ukigeuka kuwa njia ya kumbana Mungu atoe, tumepotea. Danieli, ambaye jina lake limebandikwa kwenye mifungo mingi ya siku 21, katika zile wiki tatu za sura ya 10 alikuwa anaomboleza. Hakula chakula kitamu, nyama wala divai havikuingia kinywani mwake, wala hakujipaka mafuta, na katika habari hiyo hutakuta popote kwamba alikuwa anajiombea cheo. Kanisa la Antiokia nalo, katika Matendo ya Mitume sura ya 13, lilifunga na kuomba, na matokeo yake likapungukiwa. Roho aliwataka Barnaba na Sauli, wakawekewa mikono, wakaondoka. Antiokia walifunga wakatoa watu wao bora. Nangoja kuona bango la mfungo linaloahidi hivyo.

Sasa nifike kwa nabii Isaya, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Jumatano ya Majivu makanisa yanafurika mpaka watu wanasimama nje. Ijumaa inayofuata, siku mbili tu baadaye, somo la kwanza la Misa ni Isaya sura ya 58, na asubuhi ile viti vingi ni vitupu. Kwa hiyo wengi tunapakwa majivu bila kusikia maelezo yake. Watu wa Isaya wanalalamika: tumefunga, mbona huoni? Mungu anawajibu kwamba siku ya kufunga kwao wanatafuta anasa zao wenyewe, na wanawalemea wote wanaowatumikia. Kisha anawaeleza saumu aliyoichagua yeye: kuzilegeza kamba za nira, kuwaacha huru walioonewa, kuwagawia wenye njaa chakula chako. Soma tena hayo maneno mawili ya mwisho, chakula chako. Hakusema masalio, wala nguo ulizochoka kuzivaa. Ni kile ambacho leo kingekuwa kwenye sahani yako.

Na yale ya kuwalemea wanaokutumikia tusiyaruke haraka, kwani yako majumbani mwetu. Yupo binti wa kazi, ametoka Lushoto au Handeni, anaamshwa alfajiri na kulala wa mwisho. Mama mwenye nyumba amefunga, kwa hiyo leo ana hasira. Jioni anataka uji, mihogo ya nazi, maharage na chapati, vyote kwa mkupuo, kwa kuwa ameshinda na njaa. Binti anasimama jikoni tangu saa tisa. Mshahara wake wa mwezi uliopita bado "utatoka". Mfungo wa nyumba hiyo Isaya alishauandikia hukumu, na haina rufaa. Kama unafunga Ijumaa, siku hiyo kazi ya binti ipungue. Mlipe kabla hujaenda Njia ya Msalaba.

Wakristo wa kwanza hili walilielewa. Katika karne ya 2 Aristide wa Athene alimwandikia Kaisari wa Roma kuwatetea Wakristo, na kati ya sifa alizozitaja ni hii: akiwapo kwao maskini, na wao hawana cha ziada, hufunga siku mbili au tatu ili wampatie chakula chake. Mtu hana ghala, hana akiba, ana mlo wake wa leo tu, basi anauacha ili uende kwa mwenzake. Roma nako, karne hiyo hiyo, kitabu kiitwacho Mchungaji wa Hermas kilitoa utaratibu hasa: siku ya kufunga kula mkate na maji, kisha piga hesabu ya gharama ya chakula ambacho ungekula siku hiyo, fedha hiyo umpe mjane au yatima au mhitaji. Ni hesabu ya sokoni kabisa, na mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Ndiyo maana nasema chakula ulichokiacha kina mwenyewe. Ukikiacha mchana ukakila usiku kwa wingi maradufu, umebadilisha saa tu. Ukiacha kula kwa siku 40 na fedha ikabaki mfukoni, umeweka akiba, na kuweka akiba ni jambo jema, lakini tusilipeleke madhabahuni.

Kuna jambo la majirani zetu Waislamu ambalo sisi wa Tanga hatuna udhuru wa kutolijua. Tunaishi nao mlango kwa mlango, Ngamiani, Makorora, Chumbageni. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, siku zile zile ambazo mwezi wa Ramadhani ulikuwa unaandama, tukaingia mfungoni karibu pamoja. Mfungo wao una fungu la maskini ndani yake. Kuna Zakatul Fitri, inayotolewa kwa ajili ya kila mtu wa nyumba, hata mtoto mchanga, na inapaswa kutoka kabla ya swala ya Idi ili maskini naye siku hiyo ale. Mzee au mgonjwa ambaye hataweza tena kufunga hulipa fidia kwa kumlisha maskini kwa kila siku. Imani zetu ni mbili na sitazichanganya. Ila nikitazama utaratibu huo naona kitu tulichokuwa nacho enzi za Hermas, nasi tumekiacha kitegemee hisia za mtu siku hiyo.

Najua nitaambiwa: Yesu amesema tufunge kwa siri, tujipake mafuta, tunawe uso. Kweli. Lakini Jumatano hiyo hiyo ya Majivu, kabla ya Mathayo sura ya 6, tunasomewa nabii Yoeli: pigeni tarumbeta katika Sayuni, iteni kusanyiko, wazee na watoto hata wanyonyao. Taifa zima lilifunga hadharani. Kinachokatazwa na Bwana ni uso uliokunjwa ili watu wakuone. Na tazama mpangilio wake katika sura hiyo: ameanza na sadaka, ikafuata sala, kufunga kukaja mwisho. Sisi tumeanza na mwisho na mara nyingi tumeishia hapo hapo.

Neno kuhusu afya, kwa ufupi ila kwa uzito. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, anayemeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI: hao wasisukumwe kwenye mfungo mkavu, usio na chakula wala maji, na kiongozi yeyote wa maombi, na dawa haiachwi kwa sababu ya saumu. Atoe sadaka, aombe, apunguze kisichomdhuru. Na yupo ambaye kila siku anapiga pasi ndefu kwa kukosa, mkono mtupu mpaka jioni. Huyo usimhubirie kujinyima. Yeye ndiye mwenye kile chakula. Waswahili walishasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na faida mojawapo kubwa ya kufunga ni kwamba saa nane mchana, tumbo likiunguruma, unaanza kumjua kidogo.

Pendekezo langu kwa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo za mjini hapa ni dogo. Kila anayefunga Ijumaa ahesabu mlo alioacha kwa bei ya kweli. Kama kawaida yake ni wali samaki kwa mama lishe, shilingi elfu mbili au tatu, aandike hiyo. Kama kawaida yake ni kuku wa hotelini, asiandike bei ya mama lishe. Fedha iingie kwenye bahasha isiyo na jina, ili ile siri ya Mathayo ibaki. Jumuiya inajua nani ana shida katika eneo lake kuliko ofisi yoyote: bibi anayelea wajukuu peke yake, kijana aliyeanguka kwenye bodaboda akavunjika mguu, familia iliyopokea mgonjwa kutoka hospitali ya Bombo na haina hata unga. Asiulizwe mtu dini yake. Na fedha isingoje "mwisho wa Kwaresima tutaona". Itoke kila wiki, ya mwisho iwe imefika mkononi mwa mwenyewe kabla ya Mkesha wa Pasaka, unga na mafuta viwe ndani ya nyumba hiyo Jumamosi mchana, apate muda wa kupika.