Tiba imeshinda, sawa, ila imemshinda nani?

Ukisoma tafiti za tiba ya maongezi kwa wenye sonona utakuta stori ni ile ile, kundi moja limepata tiba, jingine limepata "huduma ya kawaida", halafu tiba imeshinda. Mimi hapo kwenye huduma ya kawaida huwa nakwama. Manake Uingereza hiyo ni daktari wa familia anayeweza kukuandikia dawa na kukutuma kwa mtaalamu, huku kwetu unaenda zahanati hulali wiki ya tatu, kichwa kinauma, unapimwa malaria unapewa panadol unarudi nyumbani, na kwenye utafiti zote mbili zinaitwa jina moja.

Chukua ule wa Uganda wa Paul Bolton na wenzake, uliotoka 2003, vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Watu walikaa kwa vikundi na kiongozi aliyefunzwa, mara moja kwa wiki, wiki 16. Mwisho waliobaki na sonona kwenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, upande wa pili 54.7. Pengo kubwa kweli, lakini upande wa pili hawakupewa kitu, waliambiwa wajitafutie, na kijijini miaka ile ungejitafutia nini? Kwa hiyo ndani ya hilo pengo umo ufundi wa tiba, ila kumo pia kusikilizwa, kuwa na watu kila wiki, kujua usipotokea kuna mtu atakuulizia, sasa kipi kimefanya kazi huwezi kujua. Tena hata hao walioachwa walianza kwenye asilimia 94 wakashuka mpaka hapo bila tiba yoyote, sonona nyingine inapungua yenyewe, ndo maana bila kundi la pili usingejua lolote.

Wakosoaji wakifika hapo wanasema basi hizi tafiti ni za kujipendelea, umechagua mpinzani dhaifu. Wana hoja, ila siendi nao mpaka mwisho. Mtu wa wizara ya afya hajali sana kipi ndani ya tiba kinaponya, anachouliza ni nikiweka hela hapa watu watakuwa na hali nzuri kuliko ilivyo leo? Na ilivyo leo ndo hiyo panadol. Ukimlinganishia na daktari bingwa ambaye wilayani kwake hayupo unakuwa umejibu swali ambalo hakuuliza. Halafu njia mbadala ya kulinganisha, kundi la pili kuwekwa foleni, subiri zamu yako miezi kadhaa, ni mbaya zaidi, Furukawa na wenzake 2014 walionyesha wanaosubiri wanaweza hata kuwa nyuma ya wale ambao hawakupewa kitu kabisa, nadhani kwa sababu ukishaambiwa subiri unakaa tu.

Kuna waliojaribu katikati. Harare, Zimbabwe, kwenye yale mabenchi ya kliniki ambapo mabibi waliofunzwa wanakaa na mtu na kumsaidia kutatua shida zake (utafiti wa 2016, kliniki 24, watu 573), kundi la pili liliongezewa maelezo na msaada kidogo juu ya huduma ya kawaida na bado mabibi wakaongoza kwa mbali. Ila jaribio ninalolipenda ni la Shamiri, vikao vifupi vya vikundi kwa vijana wenye dalili za sonona au wasiwasi, Kenya, 2021, wanafunzi 413 wa sekondari. Pande zote mbili wiki nne, saa moja kwa wiki, tofauti ni kwamba kundi la pili, badala ya Shamiri, walifundishwa mbinu za kusoma. Wote wakapata nafuu! Wa Shamiri wakapata zaidi, ila tofauti sio ya kutisha kama ile ya Uganda, na kwa swali la je yaliyomo ndani ya tiba yana kazi, hiyo tofauti ndogo ndo naiamini zaidi.

Kwa hiyo kundi la huduma ya kawaida libaki, sina ugomvi nalo, shida ni uvivu wa kulielezea. Kurasa tatu za tiba, kila kikao na mada yake, kundi la pili mstari mmoja. Andikeni basi, katika watu 100 wa huko wangapi walionana na mtu wa afya, mara ngapi, na walitoka na nini mkononi.