Aina ngapi, mwalimu?

Siku ya bamvua iliyopita niliteremka Shela, hapa Lamu, maji yalipokupwa, nikachota mchanga kikombe kimoja, nikautia ndooni na maji ya chumvi. Unakoroga kwa mkono, unasubiri kidogo mchanga utue, kisha unayamwaga maji ya juu kwenye kitambaa kizito. Kilichonasa ukikitia chini ya hadubini, hata hii yangu ya shule yenye kioo kilichopasuka pembeni, unaona mji mzima. Nematodi, minyoo myembamba inayojipinda kushoto na kulia kama inatekenywa. Kopepodi, vidudu wa jamii ya kamba, wenye jicho moja jekundu katikati ya kipaji, wanaoruka badala ya kutembea.

Ami mmoja aliyekuwa akishona jarife akaja kuchungulia.

"Wako wangapi, mwalimu?"

"Wengi, ami."

"Sikuulizi wengi. Aina ngapi?"

Hapo nikanyamaza. Mvuvi haulizi hivyo bure: kwetu sisi wanunuzi changu ni changu, yeye kichwani mwake ana changu kadhaa, kila mmoja na mwamba wake.

Kuna njia mbili za kumjibu. Ya kale ni kuwatia fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, kuwatoa mmoja mmoja kwa sindano, kuwalaza juu ya kioo na kutazama mdomo, mkia, na kwa madume vile vijiti vya kupandia jike. Mtoto asiyekomaa hana vijiti hivyo, basi mara nyingi anaachwa bila jina. Kikombe kimoja kinaweza kula majuma. Ya pili ni kuwasaga wote pamoja, kuinakili jeni moja na kuisoma kwa mashine. Tangu Paul Hebert na wenzake wa Kanada walipopendekeza mwaka 2003 kwamba kipande kifupi cha DNA, yaani cha jeni zake, kinatosha kumtambulisha mnyama, njia hii imekwenda mbio. Inawanasa watoto, na inawatenganisha pia wale wanaofanana sura lakini damu mbalimbali.

Siipingi. Ninachokataa ni maneno ya kwamba hadubini sasa iende makumbusho. Mashine inahesabu nakala za jeni, haihesabu vichwa: mnyama mnene anapiga kelele kuliko wembamba kumi, na maiti naye anajibu wakati wa kuitwa majina. Tena idadi ya aina inategemea unapoweka mpaka. Ukisema wanaofanana kwa asilimia 97 ni ndugu, unapata hesabu moja. Ukipandisha hadi 99, aina zinazaliana mezani bila mnyama hata mmoja kuongezeka. Halafu jeni lisomwe, likafananishwe na nani? Kama hakuna aliyewahi kumchora, kumpa jina na kumhifadhi huyo nematodi, jibu linalorudi ni "nematodi". Hilo nalijua bila mashine.

(Na fomalini inaharibu DNA, wakati spiriti inayoihifadhi inawakunja wale laini hadi hawatambuliki. Anayetaka njia zote mbili abebe chupa mbili. Wageni waliokuja miaka iliyopita kuchota matope ya mikoko yetu walibeba moja. Orodha waliyoahidi bado naingoja.)

Kwangu kubwa zaidi ni mdomo. Nematodi mwenye mdomo mtupu anameza vijidudu vya matope, mwenye jino dogo anakwangua mwani, mwenye meno makubwa anawinda. Kililana, hapa hapa Lamu, bahari ilichimbwa kwa ajili ya bandari mpya, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wavuvi wana vitambulisho, walihesabika. Hawa wa mchangani, ambao vifaranga vya samaki huwala, tutajuaje wamepatwa na nini? Aina mia zikibaki mia si dalili ya salama, kama wakwanguaji wa mwani wameondoka na mahali pao wameingia wala matope. DNA itaniambia wapangaji wamebadilika. Kazi zao ataniambia aliyetazama midomo.

Nilimweleza ami haya kwa ufupi, naye hakungoja nimalize. Aliinama, akafumba jicho moja, akakaa kimya muda mrefu, mkono bado umeshika uzi wa jarife.

"Huyu ana meno," akasema. "Hebu sogeza. Yule wa pili hana. Haya, mbili hizo. Endelea."