Guru: mzito au mwondoa giza?

Katika madarasa mengi ya yoga, maana ya guru, yaani mwalimu wa kiroho, hutolewa hivi: "gu" ni giza, "ru" ni kinacholiondoa, basi guru ni mwondoa giza. Maelezo haya hayakuzuka juzi. Yamo katika Advayataraka Upanishad, andiko la Kihindu, na Guru Gita, utenzi wa kumsifu guru, inayarudia. Lakini neno halikutoka huko.

Kisanskriti guru ni kivumishi chenye maana ya -zito. Kinyume chake ni laghu, -epesi. Anayetaka kuhakiki na alitafute neno mahali ambapo mwalimu hatajwi. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, chakula guru ni kinacholemea tumbo, na laghu ni kinachosagika upesi. Katika arudhi, silabi huwa guru ikiwa na irabu ndefu, au irabu fupi inayofuatwa na konsonanti mbili. (Kwa kanuni hiyo, neno guru lenyewe ni silabi mbili nyepesi.) Tia "mwondoa giza" hapo uone kama kuna maana inayobaki. Gravis ya Kilatini na barys ya Kigiriki, zote -zito, ni za shina hilohilo. Kutoka uzito hadi heshima si mbali. Nasi husema mtu mzito.

Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, sura ya 2, zinamwita guru yule anayetimiza ibada za kutungwa mimba na kumlisha mtoto, yaani baba. Mwenye kumwingiza mwanafunzi katika masomo kwa ibada na kumfundisha Veda, maandiko matakatifu ya kale, ni acharya. Anayefundisha sehemu tu, kwa ajili ya riziki, ni upadhyaya.

Hata hivyo, wanaoshika maana ya giza wana hoja. Kufasiri neno kwa kulivunjavunja ni fani kongwe India. Mwanaisimu Yaska aliifanyia kazi katika Nirukta, kitabu chake cha asili za maneno, karne nyingi kabla ya Kristo. Lengo ni kumpa mwanafunzi kitu cha kutafakari, na kwa kazi hiyo tafsiri inafaa kabisa.

Kosa ni kuifanya hati ya mamlaka: jina linasema anaondoa giza, kwa hiyo asihojiwe. Mundaka Upanishad haimpi mtu nafasi hiyo kwa jina tu, bali inataka guru awe mjuzi wa maandiko na aliyekita katika Brahman, yaani uhalisi wa juu kabisa. Masingasinga wamekwenda mbali zaidi: tangu 1708, guru wao wa mwisho wa kibinadamu, Gobind Singh, alipofariki, guru wao ni kitabu, Guru Granth Sahib, na hakuna binadamu anayeweza kudai kiti hicho.