Bei ya jengo haitoshi kupima ugumu wake Mwanza

Makandarasi wa majengo Tanzania wamepangwa katika madaraja 7, na kikomo cha kazi anayoruhusiwa mtu kuchukua huwekwa kwa shilingi. Wa daraja la saba hushika kazi ndogo. Wa kwanza hana kikomo. Kwa hiyo kazi ya bei ndogo huhesabiwa kuwa kazi nyepesi.

Kipimo hicho kina haki yake. Bei imeandikwa kwenye mkataba na kila mtu anaisoma vilevile. Ukisema tupime ugumu, mhandisi mmoja ataona hatari, mwingine ataona kazi ya kawaida, na mabishano yao atayalipia mtu anayejenga kwa kudunduliza: leo tripu ya mchanga, mwezi ujao mifuko 10 ya saruji. Siwezi kulipuuza hilo.

Lakini panda Mabatini au Igogo, mitaa ya mlimani jijini Mwanza. Chukua ramani moja, vyumba vitatu na sebule, uijenge tambarare nje ya mji, kisha uijenge pale katikati ya mawe. Ukikadiria kwa mita za mraba, bei zinatoka sawa. Ukianza kuchimba msingi, hazifanani hata kidogo. Granaiti ya Mwanza hulika kwa kufuata nyufa zake, yakabaki mawe makubwa ya mviringo yaliyozungukwa na udongo. Jiwe unalolidhania mwamba huenda limekalia udongo tu. Nguzo moja ikiwa juu ya jiwe na nyingine juu ya kifusi, upande mmoja hutulia, mwingine huzama polepole, na ukuta hupasuka mshazari kuanzia kona ya dirisha. Mvua ikiosha udongo ule, hatari inamshukia jirani wa chini ambaye hakuulizwa chochote.

Ufukweni mwa Ziwa Victoria nako bei haionyeshi hatari: sheria ya mazingira ya 2004 inataka ujenzi ukae mita 60 kutoka majini, na mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia majumbani.

Naona madaraja yabaki kwa shilingi, ila kibali cha ujenzi kiulize pia: msingi unakalia nini, maji ya mvua yanaelekea wapi, nani anaishi chini yake? Mashimo mawili matatu ya kupima ardhi kabla ya kujenga msingi yatajibu mengi. Gharama yake ibebwe na halmashauri kwa mtaa mzima, maana kule mlimani jiwe moja huweza kubeba misingi ya nyumba mbili tatu, kila moja na mwenyewe.