Shemeji fundi bomba na boti inayovuja

Shemeji yangu ni fundi bomba mzuri sana, Tabora huko wanamgombania, na balaa lote lilitokana na huo uzuri wake.

Boti ninayoendesha hapa Kigoma ni ya mzee mmoja, ina tanga na injini ya dizeli ndani, shafti ya propela inatokea kwenye tundu lililo chini ya maji kabisa. Kinacholizuia ziwa lisiingie ndani ni stafinboksi, kikombe cha shaba kilichoshindiliwa kamba za pakingi zenye mafuta mazito, halafu nati inazibana. Na ile kitu LAZIMA idondoshe. Shafti ikizunguka unataka matone machache kwa dakika, hayo ndo yanaipoza, ukizima injini inakauka au karibu na kukauka. Sasa mwambie fundi bomba kwamba kuna kitu kinatakiwa kivuje, anakuangalia kama umemtukania mama, na mama mwenyewe alikuwa amekaa hapohapo, maana siku hiyo tulikuwa tunampeleka Ujiji kutokea Kibirizi, yeye na dumu lake la mawese.

Nikaenda kufuata dizeli. Narudi nakuta Shem anafuta mikono, anacheka pekeyake, "nimekutibia kale kaugonjwa kako." Nikadhani kagusa pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti, nikasema asante, tukaondoka.

Kuikaribia Bangwe mama mkwe akanusa. "Mkwe, mmebandika nini huko chini? Mbona mnaunguza?" Kufungua kifuniko, moshi! Nikatemea nati mate, yakalia chwaa. Jamaa alikuwa kaikaza na paipurenchi mpaka tone la mwisho, shafti imesaga pakingi kavukavu njia nzima. Nikaruka kuzima injini, nageuka hivi namwona kashaingiza renchi tena, "ngoja niilegeze kidogo", na kidogo yake ni ya mabomba ya inchi nne, nati ikatoka YOTE, pakingi iliyoungua ikafuata, na ziwa likaanza kuingia bila hodi.

Hapo ndo nilipojua ufundi ni imani. Shem akachovya kidole kwenye ngama, akalamba, akatulia, "tulieni, hayana chumvi, ni tanki la maji ya kunywa limepasuka." Shem! Tanganyika yote haina chumvi!! Kutoka hapa mpaka Zambia lamba tu!

Mama mkwe keshashika sufuria anakumba maji, ananiuliza kama tunazama, na mimi mkwe nitamjibuje. Shem akamjibu kwa niaba yangu, eti mama usiogope, hata meli ya Liemba Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, wakapaka mashine grisi kwanza, ilivyoibuliwa 1924 ikakutwa bado inafaa.

"Na mimi mmenipaka grisi?"

Huwezi kumfokea shemeji mbele ya mamake, basi nikaomba kanga kwa adabu zote. Akatoa ya juu, nikaichana vipande virefu, nikavisokota, nikavichovya kwenye mawese yake, nikaanza kuzungushia shafti huku navisukuma ndani na bisibisi, maji yananirukia usoni na mawese yananiingia kwenye kucha. Kanga yenyewe ilikuwa ile ya "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Kipande cha mwisho kuingia kilikuwa na "kumbe siye", nikakiangalia, nikamwangalia Shem, nikarudisha nati kwa mkono tu.

Maji yakapungua yakabaki matone. Tik. Tik. Namwona Shem mkono unaenda kwenye renchi taratibu kama hajijui, mama akamchapa na mwiko.

Injini sikuiwasha tena, tulipandisha tanga na upepo ukatufikisha Ujiji. Baadaye boti ikapandishwa nchi kavu nikaweka pakingi mpya, kila duara limekatwa pekeyake na maungio yamepishana, siyo kuzungusha kamba moja kama springi ya saa. Ngama mpaka leo ina wekundu wa mawese na mwenye boti kila akishuka ananiuliza nani alipika humu.

Mawese mama kasamehe. Kanga hajasamehe. Nikamwambia nitamletea nyingine, akaniambia mkwe wangu, kanga dukani haikatwi nusu, inauzwa doti, na Shem keshapanda treni karudi Tabora.