Wazee wetu nao wauze nyumba

Jirani yangu hapa Bacchus Marsh anauza nyumba. Huu ni mji mdogo, kama kilomita 60 magharibi ya Melbourne, Australia, na wengi wetu riziki yetu iko huko mjini: alfajiri treni, jioni treni. Bango lenye picha limesimamishwa mbele ya ua: vyumba vinne, gereji ya magari mawili, tangi la maji ya mvua, stesheni karibu. Wauzaji ni mzee na mkewe, wote wazima, watoto wameshaondoka. Juzi nilimkuta mzee gerejini akigawa spana na misumari iliyojaa makopo ya jemu. Mwanawe akabeba mashine ya kukatia nyasi, akaaga, akaenda zake. Kikao cha ukoo hakuna.

Mnada utafanyika hadharani. Dalali na suti yake atasimama kwenye nyasi, majirani tutakuja na vikombe vya kahawa kuchungulia bei, na atakayeshinda atasaini papo hapo na kulipa amana, kwa kawaida asilimia 10. Katika jimbo hili la Victoria, ukishanunua mnadani huna siku za kughairi. Lakini kabla ya hapo muuzaji anawajibika kukuonyesha makaratasi: hati, mkopo kama upo, kodi ya halmashauri.

Kwetu Tanzania ukutani tunaandika kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, na wakati mwingine anayekusudiwa si tapeli bali ndugu wa damu.

Mikopo ya huku siitamani hata kidogo. Kuna watu wanawahi treni ya alfajiri miaka 30 kwa ajili ya benki tu. Kwetu unajenga mdogo mdogo, mwaka huu msingi, mwaka mwingine bati, na ukihamia hudaiwi na mtu. Ninachokitamani ni huo uhuru wa mzee kuamua angali hai. Sizungumzii kihamba, shamba la ukoo lenye makaburi ya babu zetu; hicho kiacheni. Nazungumzia nyumba za mjini, kama yetu ya Pasua, Moshi: vyumba kibao, bati linavuja, choo kiko uani, na mama anaishi humo na binti wa kazi. Tunaiita nyumba ya familia, lakini kati yetu watoto hakuna anayelala humo. Tunaisubiri tu, na tunachokisubiri tunakijua wote, ila hakisemwi mezani. Kisha itafuata kesi ya mirathi, wajukuu hawaamkiani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza kabla ya kuuza nyumba ya ndoa. Shangazi hatajwi humo, wala kaka aliyeko Dar.

Basi nimependekeza kwenye kundi letu la WhatsApp: iuzwe, mama ajengewe nyumba ndogo ya vyumba viwili, choo ndani, hela itakayobaki iwe yake ya matibabu na matumizi. Kaka mkubwa kasema Uzungu umeniingia. Dada kaondoka kwenye kundi, akarudishwa, akaondoka tena. Mama mwenyewe tulipompigia hakulia wala hakutuombea laana. Aliuliza tu viwanja vya Pasua siku hizi vinakwenda bei gani.